Ubahili wa Jukwaani na Hesabu za Hazina

Hapana ahadi inayotoka kinywani mwa mgombea urais kwa wepesi kama ahadi ya kubana matumizi ya Serikali. Haimgharimu chochote siku anapoitoa. Kila msikilizaji anayekatwa kodi katika mshahara wake huiitikia kwa makofi, akiamini kwamba fungu litakalopunguzwa ni la mtu mwingine. Mwalimu hudhani ni la wakubwa wenye magari. Mkubwa mwenye gari hudhani ni la idara ya jirani. Na jirani naye ana hakika kwamba zitakazofutwa ni posho za walimu. Hivyo ahadi hupokelewa na wote, wala hakuna anayeuliza kasma wala kifungu.

Kipimo cha haki ni daftari. Mgombea huyu, siku alipokuwa na kalamu mkononi, alitia saini nini? Swali hilo haliwezi kuulizwa katika kila uchaguzi, kwa kuwa mara nyingi mmoja wa washindani hajapata kuongoza hata wilaya. Lakini upo uchaguzi mmoja ambao washindani wake wakuu wawili walikuwa wote wamekwisha kushika kalamu hiyo, na hesabu zake zimefungwa zamani kiasi kwamba zinaweza kusomwa bila ushabiki. Ni uchaguzi wa Marekani wa tarehe 4 Novemba, 1980, kati ya Rais Jimmy Carter wa chama cha Democratic na Bwana Ronald Reagan wa chama cha Republican. Mawimbi yake yalifika hata katika nchi za Afrika Mashariki, na kwa sababu hiyo haupaswi kusomwa kama habari ya watu wa mbali.

Tarehe 28 Oktoba, 1980, wiki moja kabla ya kura, wagombea hao walikabiliana katika mji wa Cleveland mbele ya taifa zima. Rais Carter alimshutumu mwenzake kwamba alipokuwa Gavana wa California alipandisha kodi kuliko ilivyopata kutokea katika historia ya jimbo hilo, na matumizi yakazidi maradufu. Bwana Reagan alijibu kwamba katika ile miaka minne ambayo wote wawili walikuwa magavana, matumizi kwa kila mkazi yaliongezeka zaidi Georgia, kwa Bwana Carter, kuliko California. Watazamaji walibaki na takwimu mbili zinazogombana, kila moja ikiwa na sehemu yake ya ukweli, na hawakuwa na nafasi ya kufungua vitabu.

Vitabu vyenyewe vinasema hivi. Bwana Reagan aliingia ofisini California mwezi Januari, 1967, akiwa ameahidi kupunguza kila kinachopunguzika. Alianza kwa kuzitaka idara zote zikate matumizi yao kwa asilimia 10, kana kwamba hospitali ya wagonjwa wa akili na ofisi ya leseni za magari zina unene sawa. Mpango huo ulishindikana. Alikuta pia Hazina ya jimbo ina pengo kubwa, na sheria za California hazikumruhusu kuliziba pengo hilo kwa mkopo mwaka hata mwaka kama iwezavyo Serikali Kuu. Basi alifanya lile alilokuwa akilipinga: mwaka ule ule alitia saini nyongeza ya kodi ya karibu dola bilioni moja, ambayo hakuna jimbo lolote la Marekani lililokuwa limepata kuitoza kwa mkupuo mmoja. Alikuwa pia ameapa kwamba miguu yake imesimikwa katika zege, hatakubali kamwe kodi ya jimbo ikatwe moja kwa moja katika mishahara ya watu. Baadaye alikubali, akatania mwenyewe kwamba sauti inayosikika ni ya zege linalopasuka. Alipoondoka mwanzoni mwa 1975, bajeti ya jimbo ilikuwa imetoka kiasi cha dola bilioni 4.6 hadi kupita bilioni 10.

Ni haki kusema kwamba sehemu ya ongezeko hilo ilikuwa mfumuko wa bei tu, na sehemu nyingine ilikuwa fedha zilizorejeshwa kwa serikali za mitaa ili wenye nyumba wapunguziwe kodi. Gavana Reagan hakuwa mfujaji. Alikuwa gavana wa kawaida aliyelazimishwa na sheria kulinganisha mapato na matumizi, na alipoona makato hayatoshi alitoza kodi. Huyo si yule aliyesikika jukwaani.

Bwana Carter naye aliongoza Georgia tangu Januari, 1971 hadi Januari, 1975. Sifa yake kubwa ilikuwa kuunganisha idara na vyombo vya jimbo vilivyokaribia 300 vikabaki 22, na kuanzisha ile iliyoitwa bajeti ya kuanzia sifuri, ambayo kila idara hutakiwa kutetea upya kila shilingi yake badala ya kuongeza asilimia chache juu ya fungu la mwaka uliopita. Watumishi wa Serikali wa nchi yoyote watatambua uzuri wa wazo hilo, na watatambua pia udhaifu wake: idara iliyozoea kuomba itajifunza haraka namna mpya ya kuomba. Chombo kidogo kikiingizwa ndani ya kikubwa, jina lake hutoweka katika orodha, lakini karani wake, meza yake na mshahara wake huhamia nacho. Georgia ilitumia fedha nyingi zaidi Bwana Carter alipoondoka kuliko alipoingia, na watumishi wake walikuwa wengi zaidi.

Kwa hiyo mpaka hapo hakuna wa kumcheka mwenzake. Tofauti yao ilionekana Washington.

Mwaka 1976 Bwana Carter aliwaahidi Wamarekani kwamba hadi mwisho wa muhula wake wa kwanza bajeti ya taifa ingelingana. Hakutimiza. Nakisi ilikuwa dola bilioni 59 katika mwaka wa fedha wa 1978, ikashuka hadi bilioni 41 mwaka 1979, kisha ikapanda hadi bilioni 74 mwaka 1980, wakati uchumi ulipodorora na bei zikapanda kwa zaidi ya asilimia 13. Tena yafaa ikumbukwe kwamba mfumuko huo wa bei ulimsaidia kwa siri. Mishahara ilipopanda kwa tarakimu, bila kupanda kwa thamani, wananchi walisukumwa katika ngazi za juu za kodi ya mapato, na Hazina ikapata fedha ambazo Bunge halikuzipigia kura.

Hata hivyo Rais Carter alikuwa na tabia moja iliyo adimu kwa wanasiasa, nayo ni kutaja kwa jina kitu alichotaka kukikata. Mwaka 1977 aliwapelekea Wabunge orodha ya mabwawa na miradi ya maji ambayo aliona haina faida inayolingana na gharama yake. Wabunge wa chama chake mwenyewe walimgeuka kwa hasira, maana bwawa katika jimbo la Mbunge ni kura zinazoonekana kwa macho. Mwezi Juni mwaka huo aliufuta mradi wa ndege za mabomu za B-1. Mwaka 1978 alikataa kutia saini mswada wa ulinzi kwa sababu ya manowari moja ya kubebea ndege, kisha akakataa mswada wa miradi ya maji na ujenzi. Bunge likashindwa kumpindua mara zote mbili. Mwaka huo huo aliweka kikomo cha asilimia 5.5 kwa nyongeza ya mishahara ya watumishi wa Serikali Kuu, na mwaka uliofuata bei zikapanda kwa zaidi ya asilimia 11. Watumishi hao walijua bila kuambiwa ni nani aliyelipia kikomo hicho. Kwa upande mwingine aliunda wizara mbili mpya, ya Nishati na ya Elimu, hii ya pili kwa sheria aliyoitia saini Oktoba, 1979, akitimiza ahadi kwa chama cha walimu kilichomuunga mkono.

Bwana Reagan alikuja na ahadi tatu kwa pamoja: kupunguza kodi ya mapato kwa kiasi kikubwa, kuongeza sana fedha za ulinzi, na kulinganisha bajeti ifikapo mwaka 1983. Hata ndani ya chama chake walikuwapo waliouliza hesabu hiyo inafungwaje. Bwana George Bush, aliyekuwa akishindana naye kuwania uteuzi wa chama, aliufananisha mpango huo na uganga; miezi michache baadaye akakubali kuwa mgombea mwenza wake, na neno la uganga halikusikika tena. Bwana John Anderson, Mbunge wa Republican aliyeamua kugombea peke yake, aliuliza waziwazi jinsi mambo hayo matatu yatakavyokaa katika daftari moja. Alipata chini ya asilimia 7 ya kura. Bwana Reagan alishinda majimbo 44.

Daftari lilijibu kwa niaba ya Bwana Anderson. Sheria ya kupunguza kodi ilitiwa saini Agosti, 1981. Ndege za B-1 zilifufuliwa. Matumizi ya ulinzi, yaliyokuwa kiasi cha dola bilioni 157 katika mwaka wa fedha wa 1981, yalipita bilioni 300 mwaka 1989. Nakisi ilikuwa bilioni 128 mwaka 1982, bilioni 208 mwaka 1983, na bilioni 221 mwaka 1986. Deni la Taifa, ambalo mwisho wa Septemba, 1981 lilikuwa halijafika dola trilioni moja, lilikaribia trilioni 2.9 kufikia Septemba, 1989. Riba peke yake ilipanda kutoka bilioni 69 hadi bilioni 169 kwa mwaka, nayo ni kasma isiyojenga darasa wala haimlipi mwalimu, na hakuna Waziri anayeweza kuipunguza kwa waraka. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Wakati wa harusi hii, mtu aliyeitwa mbahili ndiye aliyekuwa akikopa, na yule aliyeitwa mfujaji ndiye aliyekuwa ameacha nakisi ndogo.

Bwana David Stockman, Mkurugenzi wa Bajeti aliyezitengeneza hesabu hizo, alimkiria mwandishi wa jarida la The Atlantic mwaka 1981 kwamba hapakuwa na mtu Serikalini aliyezielewa barabara. Kwa mkurugenzi wa bajeti, hilo ni jambo zito kulitamka.

Watetezi wa Rais Reagan wana majibu matatu, na si ya kupuuzwa. La kwanza ni kwamba mwaka wa fedha wa Marekani huanza tarehe 1 Oktoba, hivyo sehemu kubwa ya mwaka wa 1981 ilikuwa bajeti ya mtangulizi wake. Ni kweli, na ndiyo sababu mwaka huo haufai kuhesabiwa kwa ukamilifu juu ya yeyote kati yao. La pili ni kwamba fedha hutolewa na Bunge, na Baraza la Wawakilishi lilikuwa mikononi mwa Democratic miaka yake yote minane. Nalo ni kweli. Tangu sheria ya mwaka 1974, iliyotungwa baada ya Rais Nixon kuzizuia fedha zilizokwisha idhinishwa, Rais wa Marekani hana ruhusa ya kukaa juu ya fungu asilolipenda. Lakini Rais huyo huyo ndiye anayepeleka makisio Bungeni, na hakuna hata mwaka mmoja ambao Rais Reagan alipeleka makisio ya mwaka yaliyolingana. Bunge haliwezi kulaumiwa kwa kuvunja chungu ambacho hakikufinyangwa.

Jibu la tatu lina nguvu zaidi. Ukipima matumizi ya Serikali kama sehemu ya pato la taifa, yalikuwa kati ya asilimia 21 na 22 alipoingia, yakakaribia 23 mwaka 1983, kisha yakashuka hadi kati ya 20 na 21 alipoondoka. Mfumuko wa bei nao ulishuka hadi karibu asilimia 3 mwaka 1983. Anayepima hivyo atamwona Rais Reagan kuwa alizuia matumizi kwa kiasi fulani. Anayepima kwa nakisi na deni atamwona kuwa hakuzuia. Vipimo vyote viwili ni halali. Kisicho halali ni mgombea kuchukua kile kinachompendeza na kukificha kingine, jambo ambalo wagombea wote wawili walilifanya kule Cleveland kuhusu majimbo yao.

Liko pia swali la ni nani aliyepunguziwa. Tarehe 20 Januari, 1981, mara baada ya kuapishwa, Rais Reagan alitia saini amri ya kusimamisha ajira Serikalini. Mtangulizi wake naye alikuwa amewahi kusimamisha ajira. Mwaka 1982 Ofisi ya Ukaguzi ya Bunge la Marekani ilichunguza amri za marais wote wawili na kutoa taarifa kwamba hazikuwa njia ya maana ya kudhibiti idadi ya watumishi: amri huziba nafasi inayotokea wazi kwa bahati, iwe ya lazima au isiwe ya lazima, na kumwacha asiye na kazi palipo na watu wengi. Mwisho wa utawala wa Reagan watumishi wa kiraia wa Serikali Kuu walikuwa wengi kuliko mwanzo.

Makato yaliyoonekana yalikuwa kwa wanyonge. Fedha za chakula cha watoto mashuleni zilipunguzwa mwaka 1981, na mwezi Septemba Wizara ya Kilimo ikatoa pendekezo la kanuni ambazo zingeruhusu vitu kama achari kuhesabiwa kuwa ni mboga katika sahani ya mtoto. Wananchi walielewa kwamba hata sosi ya nyanya imo. Pendekezo liliondolewa kwa aibu baada ya wiki chache. Mwezi Agosti mwaka huo waongozaji wa ndege waliogoma wakidai mishahara na saa nafuu walifukuzwa kazi, zaidi ya 11,000 kwa siku moja. Chama chao kilikuwa miongoni mwa vyama vichache vya wafanyakazi vilivyompigia debe Bwana Reagan mwaka 1980.

Wakati huo huo Benki Kuu ya Marekani, chini ya Bwana Paul Volcker aliyeteuliwa na Rais Carter mwaka 1979, ilikuwa imeikaza riba ili kuvunja mfumuko wa bei, hata riba za mabenki zikapita asilimia 20. Serikali iliyokopa kwa wingi iliingia katika soko hilo hilo la fedha. Nchi maskini zilizokuwa na madeni ya dola zilijikuta zinalipa zaidi huku mazao yao yakinunuliwa kwa bei ya chini. Mwezi Agosti, 1982, Mexico ilitangaza kwamba haiwezi kulipa. Tanzania, iliyokwisha kuumizwa na kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na vita vya Kagera, na bei ya mafuta ya 1979, ilifikia mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986. Shilingi ilishushwa thamani, na katika miaka iliyofuata zikaja hatua za kupunguza watumishi na za wananchi kuchangia gharama za shule na hospitali. Nchi yenye kura nyingi kuliko nyingine yoyote katika Shirika hilo ilikuwa Marekani, ambayo mwaka ule ule wa 1986 ilikuwa na nakisi ya dola bilioni 221. Walimu wa Tanzania waliosimamia madarasa yasiyo na vitabu hawakuhitaji kuelezwa kwamba dawa ya kubana matumizi huandikwa na mmoja na kunywewa na mwingine.

Mwaka 1984 wapiga kura wa Marekani walipewa nafasi ya kuyapima tena. Bwana Walter Mondale, aliyekuwa Makamu wa Rais Carter, aliwaambia katika mkutano mkuu wa chama chake kwamba kodi zitapanda nani ashinde, na kwamba tofauti ni kuwa yeye analisema. Rais Reagan alikuwa amekwisha kutia saini nyongeza za kodi mwaka 1982 na 1984, lakini hakuzungumza sana juu yake. Bwana Mondale alishindwa katika majimbo 49. Tangu hapo si wagombea wengi wa nchi ile waliothubutu kutaja kodi kabla ya kura, na Desemba, 1985 Bunge likatunga sheria ya kukata matumizi kwa mkasi usiochagua endapo nakisi ingezidi kiwango kilichowekwa, yaani ile asilimia 10 ya California ikarudi kwa jina jipya. Viwango vilivyowekwa vilisogezwa mbele mwaka 1987.

Ama ile Wizara ya Elimu iliyoundwa na Rais Carter, Bwana Reagan aliahidi katika kampeni ya 1980 kuifuta kabisa. Bunge halikukubali. Alipoondoka madarakani Januari, 1989 Wizara ilikuwa ingali inafanya kazi, ikiwa na fungu kubwa kuliko alilolikuta. Machi, 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuanza kuivunja, naye pia alikuwa ameahidi hivyo jukwaani. Na sheria ya kuifuta ni ya Bunge kuitunga, kama ilivyokuwa mwaka 1981.